Mvilio na Donge: Historia ya Kutunza Mguu Ulioumia Tarime na Serengeti

Katika milima ya Tarime inayopakana na Kenya, na katika mbuga zinazoshuka kuelekea Mto Grumeti wilayani Serengeti, miguu ya vijana ilibeba kazi nzito muda mrefu kabla ya mpira kufika. Wakuria, ambao wenyewe hujiita Abakuria, waliishi kwa kilimo na ng'ombe. Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye wa upande wa Serengeti walichanganya kilimo, mifugo na uwindaji wa nyumbu wanaohama kila mwaka. Na jamii zote hizi zilipanga vijana wao katika marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa katika kipindi kimoja, ambayo ndiyo yaliyobeba jukumu la kuchunga, kulinda maboma na kufuatilia mifugo iliyoporwa. Kijana aliyejikwaa kwenye mawe gizani, au aliyepigwa teke na fahali zizini, alirudi nyumbani na jeraha lile lile linalompata mchezaji wa leo kwenye uwanja wa shule: mguu uliovimba, ngozi isiyopasuka, rangi inayobadilika siku hadi siku, na mara nyingine donge linalobaki baada ya maumivu kwisha.

Wasomi walioandika juu ya eneo hili walivutwa na mambo mengine. E. C. Baker, ofisa wa utawala wa Kiingereza, alikusanya katika miaka ya 1930 habari za koo na mila za Wakuria; Malcolm Ruel, mwanaanthropolojia aliyeishi miongoni mwao katika miaka ya 1950, alichambua vizazi na ibada; Michael Fleisher alifuatilia wizi wa ng'ombe wilayani Tarime katika miaka ya 1990; na Jan Bender Shetler alirekodi masimulizi ya wazee wa Serengeti magharibi. Jeraha lisilotoa damu nje halikuwa na nafasi kubwa katika kazi hizo, na vitabu vya zahanati havikulipa nafasi pia, kwa kuwa aliyeumia hivyo aliuguzwa nyumbani. Ndiyo maana historia yake husomwa vizuri zaidi kupitia vitu vilivyotumika kulitibu, ambavyo ni moto, mkono, pembe, gango, bendeji na mwishowe barafu. Na kila kimoja kati ya hivyo kilifika kwa wakati wake, kikaleta nafuu fulani na hatari fulani.

Kabla ya kufuata vitu hivyo inafaa kueleza kinachotokea ndani ya mguu. Pigo linapoukandamiza msuli juu ya mfupa, mishipa midogo hupasuka na damu hutoka kwenye njia yake na kutuama kati ya tishu, na hali hiyo ndiyo inayoitwa mvilio wa damu. Damu hiyo ikikusanyika mahali pamoja na kuganda, huwa donge ambalo madaktari huliita hematoma. Seli za mwili zinazokula uchafu huivunja damu hiyo hatua kwa hatua, na kwa kuwa rangi nyekundu ya damu hugeuzwa kwanza kuwa kemikali ya kijani iitwayo bilivadini, kisha ya manjano iitwayo bilirubini, ngozi nayo hupita kutoka wekundu na zambarau hadi kijani, manjano na hatimaye hudhurungi. Rangi ya hudhurungi hutokana na chuma kilichobaki kutoka kwenye damu, na chuma hicho huweza kukaa chini ya ngozi kwa miezi mingi bila madhara. Katika ngozi nyeusi hatua hizi hazionekani kwa urahisi, kwa hiyo mkono unaopapasa joto na ugumu wa mahali palipoumia hueleza zaidi kuliko jicho.

Lipo jambo moja ambalo limewapotosha wagonjwa na waganga wa kila zama. Damu ikivuja katikati ya misuli, nje ya utando unaofunika kila msuli, huteremka kwa uzito wake, hivi kwamba pigo la paja huonekana siku chache baadaye kama weusi mkubwa kwenye goti au kwenye shavu la mguu. Weusi huo hutisha, lakini jeraha la namna hiyo kwa kawaida hupona upesi. Damu inapofungiwa ndani ya utando wa msuli wenyewe, ngozi hubaki karibu safi, huku ndani msuli umejaa, goti halikunjiki na maumivu hayapungui. Anayepima ukubwa wa jeraha kwa weusi wa ngozi humhurumia mgonjwa asiye na hatari na kumrudisha kazini aliye na hatari, na kosa hili limetendeka katika maboma na katika viwanja vya michezo vilevile.

Tiba ya kwanza iliyopatikana katika kila nyumba ilikuwa moto. Maji ya moto na kitambaa, majani yaliyopashwa joto, mafuta ya ng'ombe au samli, na mkono wa mzee mwenye uzoefu vilikutana katika kazi mbili ambazo Kiswahili kinazitofautisha vizuri: kukanda, yaani kugandamiza mahali palipovimba kwa joto, na kuchua, yaani kusugua kwa mafuta ili kulegeza msuli na kusambaza uvimbe. Samli haikuwa adimu katika nchi ya ng'ombe. Katika miaka ya 1930 Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma na Tarime zilikuwa sehemu yake, lilijulikana Tanganyika nzima kwa kuiuza. Joto hutuliza maumivu na hupanua mishipa, na msuli uliokakamaa hulegea. Haya ni kweli, na ni dharau isiyo na msingi kuiita tiba hii ushirikina. Tatizo lake ni saa inapotumika. Katika siku mbili tatu za mwanzo, wakati mishipa iliyopasuka haijaziba, joto na msuguano huongeza uvujaji, na donge ambalo lingekuwa dogo huwa kubwa. Mkono uleule, ukingojea wiki moja au mbili, hufanya kazi nzuri ya kurudisha mwendo wa kiungo.

Pamoja na mkono ilitumika pembe ya ng'ombe. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mganga huchanja ngozi kwa wembe, huweka mdomo wa pembe juu ya chanjo hizo, hufyonza hewa kupitia tundu la nchani na kuliziba kwa nta, ili damu inayodhaniwa kuwa mbaya itoke. Waswahili wa pwani huiita kazi hiyo kuumika au kupiga chuku, na watu wa sehemu nyingine za dunia, kuanzia Uarabuni hadi China, wameifanya kwa vikombe vya namna mbalimbali. Wazo lililo nyuma yake, kwamba damu iliyotuama inapaswa kuondolewa, halikuwa la kipuuzi, kwani hata leo daktari hunyonya kwa sindano damu iliyojaa goti au mfuko wa maji uliobaki chini ya ngozi. Pembe, hata hivyo, hufika kwenye ngozi tu, ilhali donge la paja liko ndani ya msuli. Na chanjo zilizofanywa kwa chombo kisichochemshwa ziliweza kuingiza vijidudu penye damu iliyolala, ambayo ni chakula kizuri cha vijidudu hivyo.

Upande mwingine wa ujuzi wa kale unastahili heshima zaidi kuliko uliyopewa, nao ni ule wa waunga mifupa. Majirani wa Wakuria upande wa kaskazini, Abagusii wa Kenya, walijulikana hata kwa madaktari wa Ulaya kwa wataalamu wao waliopasua fuvu la kichwa ili kuondoa vipande vya mfupa vilivyovunjika, na daktari E. L. Margetts aliandika juu yao mwaka 1967. Katika ukanda huu wote mfupa wa mguu uliovunjika ulinyooshwa na kufungwa kwa magango, yaani vijiti au vipande vya miti vinavyoushikilia usitikisike, na mgonjwa aliketishwa kwa majuma akilishwa na ndugu zake. Mara nyingine kufunga huko kulibana mno: daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza mwaka 1881 jinsi bendeji iliyobana inavyozuia damu kufika kwenye misuli hadi misuli ikafa na kusinyaa, na hospitali za Afrika Mashariki bado hupokea viungo vilivyoharibiwa kwa njia hiyo. Lakini kanuni ya msingi, kwamba kiungo kilichoumia hupewa muda, ilikuwa imara. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo ilitumika kwa mfupa pekee. Msuli uliopondeka, kwa kuwa haukuwa umevunjika, haukuhesabiwa kuwa unahitaji muda, na kijana aliyetarajiwa na mila ya jando kutopepesa jicho mbele ya kisu hakuweza kwa urahisi kuomba mapumziko kwa sababu ya paja lililovimba.

Utawala wa kikoloni ulileta hospitali ambayo kwa miaka mingi ilimpita mgonjwa wa namna hii. Wajerumani walikuwa na kituo Shirati, kando ya Ziwa Victoria, na ngome Ikoma, ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kutawala. Waingereza walianzisha katika miaka ya 1920 mpango wa wauguzi wa vidonda waliofanya kazi chini ya serikali za wenyeji, na wauguzi hao walishughulika hasa na vidonda sugu vya miguu na ugonjwa wa buba. Buba, ambayo huozesha ngozi na kuharibu mifupa, ilipona kwa sindano chache, na uponyaji huo uliipa sindano sifa kubwa vijijini, sifa ambayo inabakia hadi sasa. Mwaka 1934 wamisionari wa Kanisa la Mennonite kutoka Pennsylvania, Marekani, waliweka kituo chao cha kwanza Shirati, na hospitali iliyokua hapo ikawa kimbilio la wilaya nzima ya North Mara, ambayo baadaye iliitwa Tarime na ambayo Rorya ilimegwa kutoka kwayo mwaka 2007. Kanisa hilo ndilo pia lililosimamia hospitali ya Mugumu, makao makuu ya Serengeti. Katika vituo vyote hivyo aliyekuja na ngozi iliyopasuka alishonwa, aliyevunjika alifungwa plasta, na aliyevilia damu alirudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Idadi ya majeraha ya namna hii iliongezeka kwa sababu ya mambo mawili yaliyokuja pamoja. La kwanza ni jeshi: Wakuria wengi waliandikishwa katika King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, hasa wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kambini michezo ya riadha, ndondi na mpira ilikuwa sehemu ya mafunzo, hivyo askari waliorudi walikuwa wamezoea mashindano yenye kanuni na refa. La pili ni shule, za misheni kwanza na za serikali baadaye, ambazo kila moja ilikuwa na uwanja. Baada ya uhuru, Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na mashindano ya shule za msingi na za sekondari, ambayo sasa yanajulikana kwa majina ya UMITASHUMTA na UMISSETA, yalimfanya mtoto wa Nyamongo wilayani Tarime au wa Mugumu aweze kuota jezi ya wilaya na ya mkoa. Ndoto hiyo haikuwa hewa tupu, kwa kuwa Suleiman Nyambui, mwana wa Majita katika mkoa huohuo wa Mara, alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na kushinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na 1988.

Uwanja wa shule ulikuwa mgumu kuliko zizi. Ardhi iliyokauka, mpira wa kushonwa kwa matambara na kamba, na wachezaji wengine wakiwa na njumu na wengine pekupeku, vilifanya ugoko kuwa mahali pa kuumia kila wiki. Na ugoko hauna msuli wa kuukinga, kwani mfupa wake uko moja kwa moja chini ya ngozi. Damu ikikusanyika kati ya mfupa na utando unaoufunika, huacha nundu ngumu inayoweza kukaa miezi mingi, na mara nyingine haiondoki kabisa, ingawa haizuii kukimbia. Watu wengi waliocheza utotoni katika wilaya hizi mbili wanazo nundu hizo, na kwa hakika hazina haja ya dawa. Kilichokuwa na madhara zaidi ni desturi iliyojengeka kando ya uwanja: mchezaji aliyepigwa paja huchuliwa hapohapo kwa nguvu na kwa dawa ya kuchua yenye ukali wa pilipili au mnanaa, ngozi huwaka, maumivu hufunikwa, naye hurudishwa mchezoni kabla ya filimbi. Desturi hii ilichukua joto na mkono kutoka katika tiba ya nyumbani na kuacha subira ya muunga mifupa, na hapo ndipo urithi ulipoharibika.

Barafu ilichelewa kwa sababu iliyo wazi. Zahanati za vijijini zilizoenea katika miaka ya 1970 zilikuwa na majokofu ya mafuta ya taa kwa ajili ya chanjo, na hakuna aliyethubutu kuyafungua kwa ajili ya paja la mchezaji. Umeme wa vijijini ulianza kusambazwa kwa mpango maalumu baada ya wakala wake kuundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Wakati huo fundisho la barafu lilikuwa limeshazunguka dunia. Daktari Mmarekani Gabe Mirkin alilitangaza mwaka 1978 kwa hatua nne, yaani kupumzisha, kuweka barafu, kubana kwa bendeji na kuinua kiungo juu, na walimu wa michezo walilipokea kama sheria. Mwaka 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba barafu inaweza kuchelewesha uponaji, kwa kuwa uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya kazi ya mwili ya kujitengeneza. Na mwaka 2019 wataalamu wawili wa Kanada, Blaise Dubois na Jean-François Esculier, walipendekeza utaratibu ambao haukujumuisha barafu, unaosisitiza kukinga, kuinua na kubana katika siku za mwanzo, kisha kuanza mwendo wa taratibu mapema. Kwa mwalimu wa shule ya kijijini mabadiliko haya yana maana kubwa, kwani utunzaji bora wa siku ya kwanza sasa unahitaji kitambaa cha kufungia, mahali pa kulala na mguu ulioinuliwa, vitu ambavyo havikukosekana hata katika boma la karne ya 19.

Kuna aina tatu za donge lisiloondoka ambazo historia ya eneo hili inalazimu kuzitaja, kwa kuwa zimegharimu miguu na maisha. Ya kwanza ni mfupa unaoota ndani ya msuli. Damu iliyolala katika paja huweza kugeuka, katika majuma ya tatu na ya nne, kuwa tishu yenye chokaa, na hatimaye mfupa kamili unaoonekana kwenye eksirei; kuchua kwa nguvu mapema na kuumizwa tena kabla ya kupona huongeza hatari hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 juu ya wanafunzi 117 wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, waliopigwa paja, ulionyesha kwamba 11 kati yao walipata mfupa wa namna hii, ingawa walitunzwa kwa goti lililokunjwa ili msuli ubaki umenyooshwa. Upasuaji huhitajika kwa nadra, na ukifanywa kabla mfupa huo haujakomaa, jambo linalochukua miezi sita au zaidi, huota tena.

Ya pili ni tambazi, jina ambalo watu wa Kanda ya Ziwa hulitumia kwa uvimbe wa ndani unaotambaa na kuuma, na ambalo mara nyingi hulingana na ugonjwa unaoitwa piomayosaitisi, yaani usaha ndani ya msuli. Daktari Mjerumani Julius Scriba aliueleza mwaka 1885, na madaktari wa Uganda waliuandika kwa kina katika miaka ya 1960, kwa sababu unapatikana zaidi katika nchi za joto. Vijidudu vinavyopita katika damu hutua kwenye msuli uliojeruhiwa, na paja hubaki gumu kama ubao kwa siku kumi hivi, bila wekundu na bila usaha kuonekana, kisha homa hupanda. Mgonjwa wengi humdhania kuwa na mvilio wa kawaida unaochelewa kupona. Imani iliyoenea ni kwamba tambazi haichomwi sindano wala haipasuliwi, kwamba chuma kikiigusa mgonjwa hufa. Na inawezekana kabisa kwamba imani hiyo ilijengwa na vifo vya kweli vya watu waliofikishwa hospitali wakati vijidudu vimeshaenea mwilini. Matokeo yake ni ya kusikitisha: watu wale wale ambao mababu zao waliifuata sindano ya buba kwa kutembea siku nzima huikimbia sindano katika ugonjwa ambao kupasuliwa mapema na kupewa dawa za kuua vijidudu huponya karibu kila mgonjwa.

Ya tatu ni donge ambalo halikuletwa na pigo. Saratani ya mfupa inayowapata vijana walio katika umri wa kukua hupenda kuanzia karibu na goti, na kwa kuwa kijana wa umri huo hucheza na kuumia kila mara, familia hulihusisha donge na teke fulani linalokumbukwa na kulichua kwa miezi. Tofauti zake na mvilio ni chache lakini ziko wazi: mvilio hupungua juma hadi juma, ilhali saratani huongezeka; mvilio huuma unapoguswa au kutembelewa, ilhali saratani humwamsha mgonjwa usiku. Donge ambalo halijaanza kupungua baada ya majuma manne, au linalokua, linahitaji eksirei, na kipimo hicho kikitia shaka safari huwa ya Hospitali ya Bugando, Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako kipande cha donge huchukuliwa na kuchunguzwa kabla ya mtu yeyote kulikanda tena.